Mkulima wa karibu na Arusha aliyewahi kujenga nusu ya Frankfurt: nani anamjua Ernst May?

FundiSanifu_AR

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi sanifu, nachora ramani za nyumba hapa Arusha, mwaka wa tisa sasa. Digrii sina. Nina diploma, kompyuta iliyochoka na wateja ambao wote wanataka nyumba ileile waliyoiona kwenye simu: vioo mbele, paa limejificha, rangi ya kijivu. Nachora, nalipwa, naendelea na maisha.

Juzi nilimpa lifti mwanafunzi wa usanifu majengo. Njiani akaniambia kwamba mmoja wa wasanifu wakubwa wa Ulaya wa karne iliyopita aliwahi kuishi huku kwetu, karibu na Arusha, akilima. Nikacheka. Nikamwambia wazungu wa mashamba nawajua, nimewachorea maghala, hakuna hata mmoja anayeweza kuchora banda la kuku likasimama wima. Akanitajia jina: Ernst May.

Usiku nikatafuta. Wakuu, sikulala. Mtu amezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Mwaka 1925 anapewa idara nzima ya ujenzi ya mji huo, na ndani ya miaka mitano mji unapata nyumba mpya zaidi ya 10,000. Narudia: elfu kumi. Mimi tangu nianze kazi sijafikisha mia mbili, tena humo nimehesabu na vibanda vya walinzi. Mwaka 1930 anaondoka na kundi zima la wenzake kwenda Urusi ya Stalin kuchora miji ya viwanda. Halafu mwaka 1934 yuko Tanganyika, ana shamba.

Kwa wajuzi naomba kueleweshwa. Mtu wa namna hiyo anafikaje kwenye jembe? Na je, aliacha kitu chochote Afrika Mashariki ambacho naweza kwenda kukishika kwa mkono wangu?

Kuna jambo jingine limenikaa vibaya. Mwaka 1929 wasanifu wa kisasa wa Ulaya walifanya mkutano wao Frankfurt, yeye ndiye mwenyeji, na mada ilikuwa makazi ya mtu wa kipato cha chini kabisa: anahitaji mita ngapi za sakafu, jua kiasi gani, hewa kiasi gani. Nikasema huyu ndiye wangu. Halafu nikasoma kuhusu mpango wake wa Kampala wa miaka ya 1940, Wazungu na Wahindi kilima hiki, Waafrika kilima kile. Ni mtu yuleyule au nimechanganya majina?

KahawaChungu

Mkuu, jibu la swali la kwanza ni herufi sita: Hitler. Uzi ufungwe.

FundiSanifu_AR

Hahaha, mkuu. Lakini Hitler aliwafukuza wengi. Wasanifu wenzake Gropius na Mies van der Rohe waliishia Marekani, wakapewa vyuo wafundishe. Huyu mbona alipata jembe?

Mzee_wa_Tudor

Kijana wa Arusha, mjukuu wangu ndiye anayeandika haya nami nasema, kwa hiyo makosa ya herufi mdai yeye.

Nimechora ramani Mombasa kwa miaka 31, kwa mkono, kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Mkubwa wangu wa kwanza kazini alikuwa na ada: kila kijana mpya humpeleka kutembea mjini kutazama majengo saa saba mchana, jua la utosi, ajue lipi linapumua na lipi linakaanga watu. Jina la May nililisikia kwake.

Hukuchanganya majina. Ni yuleyule. Lakini umruhusu aje taratibu.

Ujanani alikwenda Uingereza, na mwaka 1910 akafanya kazi kwa Raymond Unwin, yule bwana wa vitongoji vya bustani. Huko ndiko alikopata jambo alilolishika hadi kufa: mji usiachwe uvimbe kama jipu, ukikua, ukatiwe vipande, na baina ya kipande na kipande pabaki kijani. Frankfurt alipata meya aliyemwamini, Ludwig Landmann, akapata ardhi, akapata fedha za kodi. Alianzisha hata kiwanda cha kumwaga kuta za zege kando, halafu zinaletwa na winchi zinapangwa. Hiyo ni miaka ya 1920, kijana. Sisi hapa mwaka 1985 tulikuwa bado tunachanganya zege kwa koleo.

Fedha zilipokauka baada ya mwaka 1929, Warusi wakamwita. Alikwenda akidhani amepata nchi nzima ya kuchora. Kule Magnitogorsk, mmoja wa miji hiyo ya viwanda, alikuta kiwanda cha chuma kimeshatangulia, na mji unatakiwa ujibane popote palipobaki. Hakuna saruji, hakuna mbao, kila wiki mkubwa mpya na amri mpya. Mwisho wa mwaka 1933 akatoka. Nyumbani Hitler ameshakaa kitini. May ana damu ya Kiyahudi katika ukoo, na juu ya hiyo ametoka kufanya kazi kwa Wabolshevik, wakomunisti wa Urusi. Arudi wapi? Hao wenzake unaowataja walihamia Marekani mwaka 1937 na 1938, wameitwa, wametayarishiwa nafasi. Yeye alitoka miaka mitatu na zaidi kabla yao, na mtu aliyetoka Moscow si kila mlango unamfungukia. Tanganyika ilikuwa na walowezi Wajerumani tangu zamani zao za kutawala, ardhi ilipatikana. Akawa mkulima akiwa na miaka arobaini na saba.

Nasikia watu husema alipumzika. Mimi simwamini mtu anayesema mchora ramani hupumzika. Mwaka 1937 alikwishahamia Nairobi kufungua ofisi, na ukitaka kushika kitu kwa mkono wako, panda basi ukashike Kenwood House pale barabara ya Kimathi. Jengo la mwaka huohuo. Watu hupita chini yake kila siku wakitafuta matatu, hawainui kichwa.

Vita vilipokuja, Waingereza wakamkamata. Kwa Hitler yeye hakuwa Mjerumani wa kutosha. Kwa Mwingereza alikuwa Mjerumani kupita kiasi. Wakamweka kizuizini mpaka Afrika Kusini, akatoka mwaka 1942.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe, kama mchoraji, lakufaa zaidi kuliko hayo ya siasa. Frankfurt iko digrii 50 kaskazini. Kule jua ni mgeni adimu, siku za baridi hupita chini kabisa, halafu huyoo limezama. Kazi yote ya May kule ilikuwa kulikimbiza jua: apange safu za nyumba vipi ili kila mpangaji, hata yule maskini, apate jua mezani pake. Akaja huku akakuta jua halihitaji kuitwa. Mtu wa miaka hamsini, bingwa, ikambidi ageuze kila alichokijua. Nyembamba badala ya nene: chumba kimoja tu kwa upana, ili upepo uingie huku utokee kule. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, kwa sababu jua la utosi unalizuia kwa ukingo mfupi tu wa paa. Jua la mashariki asubuhi na la magharibi jioni hulizuii kwa ukingo, linakuja limelala, linaingia chumbani kama mdai. Upande huo toa ukuta mfupi, usitoe dirisha.

Hapa Mombasa May na ofisi yake walichora hoteli ya Oceanic, ikajengwa miaka ya 1950. Nilikuwa mtoto. Tukipita na mashua kutoka kuvua tulikuwa tukiiona imepinda kama upinde, vyumba vyake vinaitazama bahari. Marehemu baba alikuwa seremala wa mbao za kumwagia zege, na jengo lililopinda lilimkera: kila ubao una kipimo chake, alisema, hakuna ubao unaotumika mara mbili. Lakini kusi likivuma, jengo lile lilikuwa likilipokea lote. Tena si ugunduzi huo. Babu zetu wa Mji wa Kale walijua. Vichochoro vyao vimebanana vitiane kivuli. Tofauti ni kwamba May alilichora jambo hilo juu ya orofa, kwa zege.

La Kampala nitalirudia, mjukuu anataka simu yake.

BintiNidda

Shikamoo mzee, na hongera kwa mjukuu.

Mimi ni Mtanzania, naishi Frankfurt, na mwaka wa tatu sasa nakaa kwenye nyumba ya huyu bwana. Kabisa, siyo mfano. Mtaa unaitwa Römerstadt, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, nyumba zaidi ya 1,000 kando ya mto Nidda. Nilipohamia sikujua lolote, niliona tu nyumba nyeupe za paa bapa zilizojipinda na mteremko wa bonde, na kila nyumba na kipande chake cha bustani. Jirani yangu bibi wa miaka themanini ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu anayetambulisha mume wake: hii ni ya May.

Naomba nizungumzie jiko, kwa sababu wanaume mtaongea zege hadi kesho.

Jiko la nyumba hizi halikuchorwa na May. Lilichorwa na mwanamke ambaye May alimwajiri, Margarete Schütte-Lihotzky, kutoka Vienna, mwaka 1926. Upana wake hata mita mbili hazifiki, urefu mita tatu na nusu kasoro. Alihesabu hatua za mpishi kama anavyohesabiwa mtu wa kiwandani: kutoka sinki hadi meza, kutoka meza hadi jiko. Nyumba moja mtaani kwetu imerudishwa kama ilivyokuwa na sasa ni makumbusho, nikaenda kuliona jiko lenyewe. Kuna vidroo vidogo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kimoja cha mchele, kimoja cha sukari. Unga umewekewa droo ya mti wa mwaloni ili wadudu wasiingie. Makabati yamepakwa rangi ya buluu iliyoelekea kijani, kwa imani kwamba nzi hawaipendi. Majiko ya namna hiyo yalifungwa takriban 10,000.

Mama yangu alipokuja kunitembelea alibeba mbuzi ya kukunia nazi. Akaingia jikoni, akageuka, akatoka. Akauliza: "Huku mnapikaje wawili?" Ndiyo hapo nikaelewa. Lile jiko limechorwa kwa ajili ya mwanamke mmoja, amesimama, peke yake, mlango umefungwa. Mama akakunia nazi kwenye ukumbi mdogo wa kuingilia, miguu imefika mlangoni. Nampenda May, lakini hakuna aliyewahi kukaa chini akapika kwenye ramani zake.

Na kuhusu "mtu wa kipato cha chini", mkuu FundiSanifu, punguza mapenzi kidogo. Kodi ya nyumba hizi ilikuwa juu. Walioingia wengi walikuwa makarani, walimu, mafundi wenye ujuzi. Kibarua wa kweli hakuiweza. Bibi jirani anasema baba yake alikuwa karani na bado mama yake alishona usiku.

FundiSanifu_AR

Dada, hiyo ya mbuzi ya nazi imenimaliza. Kesho naingia ofisini kila jiko nililochora nalitazama upya. Wateja wangu wote wana "jiko la kisasa" ndani na jiko halisi la mkaa nyuma ya nyumba ambalo mimi silichori, linajengwa na fundi baada ya mimi kuondoka.

Mzee, tunakusubiri na Kampala.

Mzee_wa_Tudor

Nimerudi. Simu imeshachajiwa.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanua Kampala upande wa vilima vya Kololo na Naguru. Ukiitazama ramani yake kama ramani tu, ni nzuri mno. Barabara zinazunguka vilima kwa kufuata mteremko, hazikwaruzi moja kwa moja kama za wapimaji wa reli. Mabonde yameachwa wazi, kijani, kwa sababu ndiko maji yanakokwenda na ndiko mbu wanakozaa. Ni Frankfurt ileile, ni Unwin yuleyule.

Lakini Unwin alitenganisha vitongoji kwa bustani. Kampala, bonde la kijani likawa mpaka wa rangi ya ngozi. Naguru kwa Waafrika. Na nyumba zao zimepangwa kwa ngazi, hii ya anayetoka kwenye kibanda, hii ya aliyekwisha "endelea" kidogo, hivyo hivyo hadi ufike nyumba kama ya Mzungu. Kana kwamba mtu hupandishwa darasa na bati lake.

Wapo wanaosema alilazimishwa na waliomlipa. Kweli, mlipaji alitaka hivyo, mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kabla yake. Ila ile ngazi ya nyumba hakuna aliyemshika mkono. Aliiandika kwa nia njema, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Mwaka huohuo wa 1945 alibuni nyumba ya vipande vya zege vyepesi, vinaning'inizwa kwenye mbavu zilizopinda, umbo lake limechongoka kama msonge. Kielelezo kilijengwa. Hakikuenea. Alidhani Mwafrika atapenda zege lake liwe na sura ya nyumba ya babu yake. Angeuliza, angeambiwa: bwana, nyumba ya babu naijua, nipe madirisha.

Mwishoni mwa 1953 alifunga safari, akarudi Ujerumani iliyobomolewa kwa mabomu. Ana miaka sitini na saba, umri wa kulea wajukuu, akapewa ofisi Hamburg akaanza tena kuchora miji. Mtaa wa Neue Vahr kule Bremen, nyumba 10,000, mkono wake umo. Alikufa Hamburg mwaka 1970.

Kitante_256

Wazee kwa vijana, salamu kutoka Kampala. Kiswahili changu nilijifunza Nairobi, mnivumilie.

Mmesahau kitu cha kushika kwa mkono. Makumbusho ya Uganda, pale kilima cha Kitante, ni kazi ya May. Yalihamia hapo mwaka 1954, yeye ameshaondoka. Mimi hufika pale karibu kila mwezi, wanangu wanapenda ngoma. Jengo la chini, refu, halijidai. Mwanga wa mchana unaingia bila kukupiga usoni, na joto la mchana wa Kampala unaliacha mlangoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 palikuwa na mpango wa kulibomoa lisimame jumba refu la biashara. Watu wakaenda mahakamani. Jengo lipo.

Jambo linalonichekesha: Kololo aliyowapangia Wazungu na Wahindi, leo ni ya mabalozi na matajiri wetu wenyewe. Na Naguru juu kileleni, kiwanja hukigusi. Ngozi imeondoka, kilima kimebaki. Lakini yale mabonde aliyosema yaachwe wazi tumeyajaza nyumba, mvua ikinyesha tunaogelea. Katika ripoti nzima ya mzee yule, tulitupa ukurasa uliokuwa sahihi.

KahawaChungu

Nafuta kauli ya uzi ufungwe. Asanteni kwa madini.

FundiSanifu_AR

Asanteni sana wakuu. Mzee, naomba nikusumbue na moja la kazi.

Nina mteja, kiwanja kimelala kando ya barabara, barabara iko magharibi. Anataka sebule mbele, kioo kutoka sakafu hadi dari, ili wapita njia waone taa zake. Nilishamchorea hivyo. Tangu juzi nikiifungua ile ramani naona lile jua la jioni ulilosema linaingia kama mdai. Nifanyeje na nimeshalipwa nusu?

Mzee_wa_Tudor

Magharibi weka vitu visivyokaliwa: stoo, bafu, ngazi. Ukuta mzito, vitundu vidogo juu. Sebule igeuze itazame kaskazini, uipe baraza, na njia ya upepo kutoka mlango hadi mlango. Kama lazima aonekane barabarani, mpe mlango mzuri na taa mbili. Na jiko la mkaa lichore wewe, usimwachie fundi.

Akikataa usibishane naye ofisini.

FundiSanifu_AR

Nimeipindua usiku huu, mzee. Sebule imekaa kaskazini, jiko la nyuma limepata paa na karo. Kesho saa kumi jioni nakutana naye kiwanjani. Nimekata vijiti vinne vya kuonyesha kona za ile sebule yake ya kwanza, nitamsimamisha katikati, uso magharibi, halafu nitajifanya natafuta futikamba kwenye gari kwa dakika kumi.

BintiNidda

Chukua dakika ishirini.